Kabla ya kupiga Windows, waulize wote nyumbani

Kompyuta ilizima kwa mara ya tatu Jumamosi hiyo, na safari hii binti wa darasa la sita alikuwa amebakiza aya moja tu amalize insha yake.

"Baba, imezima tena!" aliita.

Baba alitoka chumbani, akaitazama mashine kama mtu anavyomtazama mdaiwa sugu. Kuwaka kwake kulichukua dakika saba au nane. Ikishawaka inaganda, na ikiganda inajizima. Siku nyingine ilileta skrini ya bluu yenye maandishi meupe, na saa yake kila asubuhi ilirudi nyuma miaka mingi.

"Mwanangu," alimwambia kijana wake wa kidato cha tatu, "hii tuipige Windows upya leo leo. Hakuna cha maana humo."

Mama alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, anachambua mchele. Aliposikia hivyo aliinuka na ungo wake, akaenda jikoni bila kusema neno. Sufuria tu ndizo zilizosikika.

Kijana alikuwa ameshafungua begi kutafuta flashi. Alimwona mama yake alivyopita, akasita.

"Baba, labda tungoje kesho," alisema.

Kungoja huko kwa usiku mmoja ndiko kulikookoa mengi katika nyumba hiyo ya Kihonda, Morogoro.

Jibu la mtu mmoja

Kompyuta yenyewe ni ya mezani. Ilinunuliwa Kariakoo mwaka 2014, ikiwa imeshatumika ofisini kwa watu. Nyumbani ilipewa meza yake sebuleni na kitambaa cha kufuma cha kuifunika vumbi. Baba aliandikia barua zake hapo. Mama, ambaye ni katibu wa kikoba cha mtaani, aliwekea hesabu za michango. Watoto walisomea mitihani ya miaka iliyopita, na wazazi wakitoka kidogo, waliangalia katuni.

Miaka miwili iliyopita ilianza kusumbua, na baba akaipakia kwenye bodaboda hadi kwa fundi kwenye steshenari moja ya mjini. Ilirudi jioni ikiwa nyepesi, ina Windows 10 badala ya Windows 7. Nyumba nzima ilifurahi.

Usiku wa Jumamosi hiyo, watoto walipokwenda kulala, mama alizungumza.

"Safari ile fundi alipokuuliza kama kuna kitu cha muhimu, ulimjibu nini?"

Baba alifikiri kidogo. "Nilimwambia hakuna."

"Picha za mama zilikuwa humo."

Zilikuwa picha zipatazo sitini, alizompiga mama yake Kilosa, mwaka mmoja kabla hajafariki. Alizipiga kwa kamera ndogo ya kuazima, akazihamishia kwenye kompyuta, kisha akairudisha kamera na kadi yake. Siku mashine ilipotoka kwa fundi alikwenda kuzitafuta, hakuziona. Watoto walikuwa wanashangilia, mume wake ameshalipa na anajisifia kazi nzuri. Akanyamaza.

"Mbona hukuniambia?" baba aliuliza.

"Ningesema nini, na zimeshafutika?"

Baba hakumdanganya fundi. Alijibu kwa upande wake. Mtu wa kazini kwake alishamfundisha kuweka mafaili yake kwenye D, na ni kweli D haikuguswa. Ila swali la fundi huulizwa yule aliyebeba mashine, naye hujibu kwa niaba ya watu ambao hajawauliza. Neno moja, "hakuna", linatosha kufuta vitu vya watu wanne.

Daftari la Jumapili

Asubuhi iliyofuata baba alichukua daftari, akagawa ukurasa mmoja sehemu nne, kila mtu na sehemu yake. Aliwataka waandike kila walichonacho kwenye kompyuta, hata kama ni cha kuchekesha.

Mama aliandika: vitabu vya kikoba vya miaka mitatu. Binti aliandika michoro na hadithi yake, na folda aliyoipa jina USIFUNGUE. Kijana aliandika noti za Fizikia na miziki. Baba aliandika barua zake za D, akafunga kalamu.

"Baba, na mkataba wa kiwanja?" kijana alimuuliza. "Si uliskaniwa ukatumwa kwa barua pepe, ukaufungulia hapa?"

Hapo ndipo baba alipoelewa. Kitu kinachopakuliwa kutoka kwenye intaneti huangukia kwenye folda ya vipakuliwa, na folda hiyo kwa kawaida iko C, si D. Vivyo hivyo picha, nyaraka na kila kinachowekwa kwenye uso wa skrini, pale aikoni zinapokaa. Kinaonekana kiko mbele ya macho na salama, kumbe kiko C, palepale Windows inapokaa. Fundi akifomati C, kinakwenda na maji. Hivyo ndivyo picha za bibi zilivyopotea, na mkataba wa kiwanja ungeondoka vilevile, kwa idhini ya mwenye kiwanja.

Vumbi kwanza

Mchana alifika binamu yao anayesoma Mzumbe, akiwa na flashi na diski ya nje mfukoni. Aliwasalimu wakubwa shikamoo, akaomba bisibisi na brashi ya rangi isiyotumika.

"Mjomba, tusianze na Windows," alimwambia baba. "Tuanze na mashine yenyewe."

Walichomoa waya wa umeme, wakalitoa boksi uani na kulifungua. Feni ya juu ya prosesa ilikuwa imefungwa na vumbi zito kama pamba ya mto. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi hujizima yenyewe ili isiungue, na hakuna Windows mpya inayoponya hilo. Walipiga brashi taratibu, wakaishika feni kwa kidole isizunguke. Vibao vya RAM vilichomolewa, vikafutwa na kurudishwa mpaka vikabana sawasawa, kwa sababu RAM iliyolegea nayo huleta skrini ya bluu. Halafu ile betri ya duara kama sarafu, aina ya CR2032, ilibadilishwa. Betri hiyo ikiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma kila umeme unapokatika, na tarehe ikikosewa kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka kwa madai kwamba si salama.

Mashine iliporudishwa sebuleni iliwaka, na kwa saa mbili haikujizima. Bado iliganda, maana Windows 10 ni mzigo kwa kompyuta ya GB 4 za RAM na diski ya zamani inayozunguka. Lakini nusu ya ugonjwa ilikuwa vumbi.

Kutoa vitu vyote nje

Binamu alichomeka flashi yake, akawasha kompyuta huku akibonyeza F12 (mashine nyingine hutumia F9 au Esc). Flashi hiyo ilikuwa na Linux Mint, mfumo endeshi wa bure ambao unaweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye kompyuta. Kuupakua hula GB karibu 3 za bando, ndiyo maana aliutoa chuoni.

Kwa njia hiyo, hata Windows ikigoma kabisa kuwaka, mafaili yanaonekana na kunakiliwa. Waliliweka daftari mezani. Kila kilichonakiliwa kwenda diski ya nje, mwenyewe alikifungua kuhakikisha kinasomeka, kisha akaweka alama ya vema. Kitabu cha kikoba kilifunguka. Mkataba wa kiwanja ulifunguka, na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa ilionekana vizuri. Folda ya USIFUNGUE ilinakiliwa bila kufunguliwa, baba alikataza.

Ndipo kijana alipouliza swali ambalo mama hakuthubutu kuuliza.

"Na vya miaka miwili iliyopita, haviwezi kurudi?"

Binamu hakuahidi. Alieleza kwamba kufomati kwa haraka, kama mafundi wengi wanavyofanya, ni sawa na kuchana orodha ya yaliyomo kwenye kitabu: kurasa zenyewe hubaki, mpaka zitakapoandikwa juu yake vitu vingine. Ndiyo maana mtu akigundua amefuta kitu, anatakiwa aache kuitumia mashine hapo hapo. Hii yao ilikuwa imetumika miaka miwili. Lakini ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec, ambayo hupita kwenye diski kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa picha. Ilikuwa lazima waijaribu kabla ya kuweka mfumo mpya, na matokeo yaende kwenye diski ya nje, la sivyo wangejifutia wenyewe.

Baba alikwenda dukani kuongeza Luku. Mashine ikaachwa ikifanya kazi usiku kucha.

Zilizorudi

Asubuhi kulikuwa na maelfu ya picha, zote zikiwa na namba badala ya majina. Nyingi zilikuwa takataka za intaneti: matangazo, vitufe, nyuso za wachezaji. Mama na binti walikaa kuzipitia jioni tatu mfululizo, wakimaliza kuosha vyombo.

Katika zile sitini zilipatikana 11. Saba zilikuwa nzima. Nne zilikuwa na picha juu na rangi ya kijivu chini, maana sehemu ya faili ilikuwa imeshaandikwa juu yake. Katika mojawapo bibi anacheka, kitenge kimemlegea kichwani. Kuanzia kifuani kushuka chini hakuna kitu.

Mama alilia, na safari hii hakujificha jikoni. Baba alikaa naye kwenye mkeka. "Nisamehe," alisema. "Nilijibu kitu nisichokijua."

Mwisho wa wiki ndipo mfumo mpya ulipowekwa. Windows 7 iliacha kupewa huduma Januari 14, 2020. Kwa Windows 10 tarehe ya mwisho ilikuwa Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine ya umri huo haina. Walikubaliana kuweka Linux Mint, inayohitaji angalau GB 2 za RAM. Mama alikuwa na sharti moja: kitabu cha kikoba kifunguke mbele yake kwanza. Kilifunguka kwenye LibreOffice, hesabu zikiwa zilezile. Watoto walilalamika kwamba mchezo wao mmoja haupo. Waliambiwa watazoea.

Nakala za kila kitu sasa ziko mbili. Moja iko kwenye diski ya nje waliyonunua kwa kuchangishana, ndani ya kabati la mama. Nyingine iko kwa mjomba wao Kilosa, kwa sababu moto au mwizi akiingia nyumba moja, hawezi kuingia mbili kwa siku moja.

Mzazi mwenye kompyuta ya zamani sebuleni hahitaji kujua yote haya ya PhotoRec na TPM. Fundi atayajua. Analohitaji ni daftari na nusu saa ya Jumapili, kabla mashine haijapanda bodaboda. Na asiishie kwa watoto, maana watoto husema. Aanze na yule ambaye huwa hasemi.

Kati ya zile picha 11, baba alimwambia mama achague moja ikasafishwe ukubwa wa fremu. Alidhani atachukua mojawapo ya zile saba nzima. Mama alichagua ile ya kucheka. Mpiga picha aliikata pale kijivu kilipoanzia, na uso ukabaki wote. Imetundikwa juu ya kompyuta.

Mwezi uliopita baba alipata simu mpya, na ile ya zamani akaamua kumpa mdogo wake. Kabla hajaifuta alisimama katikati ya sebule, ameishika juu.

"Nani ana kitu humu?"

"Mimi," mama alijibu kutoka jikoni. "Ngoja nakuja."