Klachi ya Baba

Mlima Kitonga ndio ulioniumbua. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halipandi. Harufu ya kuungua imejaa ndani. Ni Corolla ya marehemu baba, na nilishamwambia mama gia ni mbovu, tuiuze tu.

Fundi wa Iringa hakufungua hata boneti. "Vuta hendibreki, weka gia ya nne, achia klachi taratibu." Klachi ingekuwa nzima, injini ingezimika. Yetu iliendelea kunguruma. "Gia hazina shida, kaka. Pleti imekwisha. Huwa unaendesha mguu ukiwa juu ya klachi?"

Nilinyamaza. Baba alinikataza hilo siku ya kwanza aliponifundisha. Nikampigia mama: tusiuze, kosa ni langu, si la gari.