Shajara ya kibanda cha sungura, Runyenjes

Jumatatu, 7 Julai 2025
Sungura jike amezaa usiku. Tangu jana alasiri alikuwa aking'oa manyoya ya kifuani na kuyajaza kisandukuni, na kwa baridi hii inayoshuka kutoka Mlima Kenya nimefurahi kuona hakuyabania. Alfajiri amenyonyesha dakika chache tu, akatoka kwenda kula majani ya mukengeria. Asiyemjua atamwita mama mkatili. Lakini hii ndiyo desturi yao: hunyonyesha mara moja kwa siku, kisha hukaa mbali na kiota, adui asije akafuata harufu yake.

Jumanne, 8 Julai
Mjukuu wangu ameamka mapema. Amenawa, akasugua viganja kwa nyasi kavu za kibandani, na mara tu jike alipomaliza kunyonyesha nikamruhusu kushika watoto mmoja mmoja, kwa muda mfupi. Saa hiyo ina sababu. Mwaka 1999 watafiti wa Hungary, Pongrácz na Altbäcker, walionyesha kuwa watoto wa sungura wakishikwa karibu na wakati wa kunyonya, katika siku zao za mwanzo, hupunguza woga kwa binadamu. Wakishikwa saa nyingine hawazoei vivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Julai
Nimekwenda Nkubu kutafuta dume. Muuzaji kamtoa kwenye gunia kwa masikio, miguu ikipiga hewa. Nikamwomba, "Mzee, mpakate tafadhali." Akajibu kwamba hata babu yake alishika hivyo. Ni kweli, huku kwetu, Embu na Meru, wavulana wamefuga sungura vizazi na vizazi, na wengi tulifundishwa masikio ndiyo mpini. Inaniuma kila nionapo. Mifupa ya sungura ni kama asilimia 8 tu ya uzito wake, ya paka ni karibu 13, ilhali misuli ya mapaja ina nguvu kupita kiasi. Akirusha teke huku kiuno kinaning'inia anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe matako, ubavu wake uegemee tumbo lako. Nimemwonyesha muuzaji, naye amejaribu.

Ijumaa, 18 Julai
Macho ya watoto wa sungura yamefunguka.

Jumapili, 3 Agosti
Mjukuu ameketi chini na majani ya viazi vitamu yaliyonyauka kidogo, bila kumfuata yeyote. Sungura mdogo wa kijivu amempanda mapajani, akawa anasaga meno taratibu, ameridhika. Mtoto wa jirani akataka kumlaza chali "alale". Nimemkataza. Sungura aliyelazwa chali akatulia tuli hajalala: amegandishwa na hofu, kama aliyekamatwa na mwewe.

"Guka, huyu naye atauzwa?" mjukuu akaniuliza.

Nimemjibu kweli: majike wawili watabaki, wa kijivu ameshaahidiwa mtu wa Kianjokoma. Amenyamaza, kisha akaniambia nimpigie simu huyo mtu aje na katoni yenye nyasi, asije na gunia. Nimepiga.