Neno Hili Limesemwa kwa Nani?

Shetani naye anajua Maandiko. Alipomjaribu Bwana Yesu alimsomea Zaburi ya 91, akaacha kipande kidogo tu, kile kinachosema kwamba malaika humlinda mtu katika njia zake zote. Kujitupa toka kinara cha hekalu hakumo katika njia hizo. Kwa hiyo, wapendwa, mtu aweza kushika aya ya kweli na bado akapotea nayo.

Tunaandika haya kwa sababu ya aya moja inayotembea sana huku kwetu Njisi: Kutoka 22:18, inayoagiza mwanamke mchawi asiachwe hai. Songwe ikifurika na kula mashamba, au mtoto akizidiwa ghafla usiku, ramli hupigwa, na jina linalotajwa mara nyingi ni la bibi mjane asiye na wa kumtetea. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Katika ibada moja ya jumuiya kijana mmoja, mcha Mungu kabisa, aliisoma aya hiyo kwa sauti, kisha akauliza: "Baba Mchungaji, si Neno la Mungu hili?" Tulimjibu kuwa ni Neno la Mungu. Ila tukamuuliza limesemwa kwa nani.

Swali hilo hatukulitunga sisi. Mwaka 1525 Martin Luther alihubiri jinsi Mkristo anavyopaswa kumsoma Musa: haitoshi kujua kwamba Mungu amesema, yatupasa kujua amesema na nani, maana sheria za hukumu za Musa walipewa Israeli kama taifa. Na tuseme ukweli wote, kwa kuwa sisi Walutheri hupenda kumtaja Luther pale anapotupendeza: mwaka uliofuata, alipoifikia aya hiyohiyo ya Kutoka, alihubiri kwamba wachawi wauawe. Sisi tunamfuata yule wa 1525.

Je, uovu ni hadithi tu? La, hasha. Wanaotia sumu wapo, na jirani mwenye chuki ni hatari kweli. Bwana mwenyewe alisema adui alikuja usiku akapanda magugu (Mt. 13:24-30). Lakini watumwa walipotaka kuyang'oa, mwenye shamba aliwakataza, na sababu yake mkulima wa Kyela anaijua vizuri: mpunga pori usipotoa masuke hufanana na mpunga, na ukiung'oa kwa pupa unaondoka na chakula cha watoto. Bwana akaeleza pia kwamba wavunaji ni malaika. Hakutaja mpiga ramli, wala lambalamba, wala mzee wa kanisa.

Kijana yule alikaa kimya kitambo. Halafu akauliza jambo zito kuliko lile la kwanza: "Sasa mtoto wa kaka yangu aliyekufa, tumdai nani?"

Tulifungua Luka 13, habari ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Bwana aliwauliza watu kama walidhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine, akasema sivyo. Bwana hakuwapa jina la mtu. Nasi usiku ule hatukuwa na jina la kumpa. Tulikwenda naye nyumbani kwa kaka yake, tukakaa na wafiwa mpaka jogoo wakawika.