Baridi ya Mbeya na Mkono Usioingia Katika Sweta

Ndugu msomaji, kama uliwahi kufika Mbeya katika mwezi wa Juni au Julai, bila shaka unaifahamu baridi ninayotaka kuizungumza. Mji wetu umejengwa chini ya mlima Loleza, katika mwinuko wa kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za miezi hiyo watu hupita njiani wamejitanda mablanketi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakisikia habari za makoti na masweta hudhani twajidai. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Saa moja asubuhi huwa nimekwisha kusimama uwanjani mbele ya watoto wanaopuliza viganja vyao, na kwa saa hiyo sweta si pambo.

Mwaka 2017 niliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, na pamoja nalo zikaondolewa tezi za kwapani. Baadaye nikapigwa mionzi. Nilipona, nikarudi darasani, nikadhani shauri limekwisha. Miaka miwili baadaye pete ilianza kunibana kidoleni, kisha saa, na kabla ya mwaka kwisha mkono wote wa kushoto ukawa umevimba kuanzia begani hata vidoleni.

Daktari alinieleza kwa lugha nyepesi, nami nakueleza kama nilivyoelezwa. Mwilini mna majimaji yaitwayo limfu, ambayo hurudi kwenye damu kwa kupitia vijia vyembamba na tezi. Tezi za kwapani zikiondolewa, au zikiharibiwa na mionzi, majimaji ya mkono hukosa njia ya kutosha, yakatuama kama maji ya mfereji ulioziba. Si kila aliyepasuliwa hupatwa na hali hii. Wengine huwapata baada ya miezi, wengine baada ya miaka mingi. Haiambukizi. Majirani zangu walinong'ona kuwa ni matende, na mmoja akataja mkono wa mtu. Matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, nayo huharibu vijia hivyo hivyo. Lakini wangu haukuletwa na mbu, wala na jirani.

Sasa nije kwenye sweta. Marehemu mama yangu alinifumia sweta la sufu, la buluu, mwaka nilioanza kazi. Nililivaa kila msimu wa baridi, na baridi ya mwaka 2020 ilipoingia nilikusudia kulivaa tena. Mkono wa kulia ulipita. Wa kushoto ulikwama kwenye kiwiko. Nilivuta, nikasukuma, mwisho ukaingia, nikaenda kazini. Jioni nilipolivua, pindo lake la kubana lilikuwa limechora mfereji mzima kuzunguka kifundo cha mkono, kama kamba iliyofungiwa gunia la mahindi. Kesho yake nikalivaa tena. Nililivaa kwa wiki nzima, ndugu msomaji, kwa ukaidi ambao siwezi kuutetea, maana niliona kuliacha ni kukubali kwamba mkono ule ndio mkono wangu.

Siku ya nane mkono ukawa mwekundu, ukawaka moto, nami nikatetemeka kwa homa. Nilikimbizwa hospitali usiku ule, nikapewa dawa za kuua vijidudu vilivyokwisha kuingia chini ya ngozi. Muuguzi mmoja aliyekuwa zamu alinishika kiganja akasema, "Dada, mkono kama huu hautaki kufungwa mahali pamoja. Saa, bangili, mpira wa nguo, pindo la sweta, vyote vihamie mkono wa pili." Akanieleza pia kwamba mwekundu ule na homa si mambo ya kusubiri asubuhi.

Wapo watakaouliza: mbona basi hospitali hutoa soksi ya mkono, nayo inabana? Yakini inabana, lakini hubana mkono wote kwa mpango, zaidi chini na kupungua kuelekea juu, ili iyasukume majimaji. Tena hupimwa na mtaalamu. Yangu niliipata kwa gharama kubwa, na ikaniletea tatizo jipya: kitambaa chake hung'ang'ania nguo inayovaliwa juu yake, hata mkono wa nguo ulio mpana ukakataa kuteleza.

Msimu uliofuata niliazima koti la mume wangu. Lilitosha, nalo lilinificha. Ila lilikuwa zito, likalielemea bega mpaka mkono ukauma kutwa, na saa sita mchana jua likiwa kali mimi bado nimelivaa katika chumba cha walimu, jasho likinitoka, nikisingizia malaria. Nikaenda Mwanjelwa kwenye mitumba, nikapekua marundo asubuhi nzima. Sweta la kuutosha mkono wa kushoto lilikuwa la mtu wa miraba minne. Mabega yalianguka, shingo ikawa wazi, upepo ukaingia upendavyo. Muuzaji, binti mwenye huruma, alisema, "Mama, mbona limekukaa vizuri tu?" Tukacheka wote wawili, maana hata yeye hakuamini.

Ndipo nilipomwendea fundi cherehani mmoja mzee, ambaye hushona barazani pa duka, kando ya barabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Lete mkono."

Nilimpa wa kulia. Akapima, akaandika, akabaki ameshika utepe akiningoja. Nikamwambia hicho kinatosha, aongeze kidogo tu upande wa pili.

"Mwalimu," akasema, "nguo itavaliwa na mikono miwili."

Watu walikuwa wakipita: wazazi wa wanafunzi wangu, vijana wa bodaboda, mama wa ndizi. Mkono ule hapakuwa na mtu aliyeuona mtupu nje ya nyumba yangu na hospitali. Nilikunja nguo hadi begani. Mzee alipima kifundo, chini ya kiwiko, juu ya kiwiko, na kwapani, pasipo kuukaza utepe na pasipo kusema neno. Kisha akaniambia nirudi jioni apime tena. Nilishangaa amejuaje, mkono wangu huwa mnene zaidi jioni kuliko asubuhi. Alisema miguu ya mkewe nayo huvimba hivyo, na viatu hununua jioni.

Alinishonea gauni la pamba nzito, mkono wa kushoto ukiwa mpana kuliko wa kulia, na kwapani akatia kikwapa, kile kipande cha pembe nne kinachotiwa katika kanzu ili mkono unyanyuke bila kuvuta. Kwenye kifundo hakuweka mpira bali mpasuo wenye vifungo viwili. Ndani ya mkono akatia bitana laini, nayo ikateleza juu ya soksi kama sabuni. Juu yake huvaa kizibao cha sufu. Kifua na mgongo vikipata joto, mikono nayo haisumbuki sana, na kizibao hakina mkono wa kubana wala uzito wa kuelemea bega. Mkoba nimeuhamishia kulia. Jiko la mkaa silisogelei tena kwa upande wa kushoto, kwani tangu nipasuliwe ngozi ya huko haisikii moto upesi, na joto jingi huuzidisha uvimbe.

Likabaki sweta la mama. Nilimpelekea mzee nikiwa nimelikunja ndani ya mfuko, nikamwuliza kama sufu iliyofumwa inaweza kukatwa pasipo kufumuka. Alilitazama mishono yake kwa muda mrefu. Akasema itawezekana, iwapo atapiga cherehani mistari miwili kwanza, ndipo apitishe mkasi katikati. Nilimwomba angojee kidogo. Nilikwenda hadi kituo cha daladala, nikasimama, nikarudi, nikamwambia akate.

Alitia kipande cha kitambaa cha buluu iliyokolea kuanzia kwapani hata kifundoni. Buluu hizo mbili hazifanani, na mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini. Ndani ya mshono mzee alibakiza sentimita mbili kila upande, ili mkono ukibadilika nirudi afumue. Katika daftari lake jina langu lina safu mbili za vipimo, kulia na kushoto, na kila safu imeandikwa mara mbili: asubuhi, jioni.