Kizazi Kilichoogopa Uwazi

Sisi tuliosoma kemia miaka ya 1960 na 1970 tulifundishwa kwamba fuwele ni kitu kilichoshiba. Atomi husongamana hadi nafasi iishe. Ukionekana uwazi, ujue kuna maji yaliyojibanza humo, na ukiyafukuza, fuwele inabomoka na kuwa unga. Somo hilo tukalipokea, nasi tukalifundisha kwa moyo mkunjufu.

Richard Robson alilelewa katika somo hilohilo. Alizaliwa Uingereza mwaka 1937, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Mwaka 1974 aliandaa gololi za mbao za kuwaonyesha wanafunzi maumbo ya molekuli. Ilibidi amwelekeze fundi mahali pa kutoboa kila tundu, na alipopachika vijiti akagundua kwamba umbo zima limekwisha kuamuliwa na matundu. Je, atomi halisi zikipewa pembe zinazofaa, hazitajijenga zenyewe? Kila mwaka alipozitoa gololi zile darasani swali lilimrudia, na zaidi ya miaka kumi ikapita kabla hajalijaribu. Miaka hiyo ndiyo ninayoiwaza kuliko Tuzo ya Nobel aliyokuja kuipata.

Alichukua ayoni za shaba, zinazopenda kushikwa pande nne, na molekuli ya kaboni yenye mikono minne, kila mkono ukiishia kwa nitrojeni. Zikajipanga kama kaboni ndani ya almasi, ila hapa katikati mlibaki vyumba vikubwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 1989. Wapo walioona ni umbo la kupendeza lisilo na kazi.

Waliokuja nyuma yake hawakuuogopa uwazi. Susumu Kitagawa wa Japani alionyesha mwaka 1997 kwamba gesi zaweza kuingia na kutoka katika viunzi vya namna hiyo bila kuvivunja. Mwaka 1999 Omar Yaghi, mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina aliyezaliwa Amman, akatoa kiunzi kiitwacho MOF-5: atomi nne za zinki zimezunguka oksijeni moja, na kutoka kila fundo la namna hiyo asidi ya tereftaliki inanyoosha nguzo pande sita. Kiunzi hicho kikiwa kitupu, hustahimili joto la nyuzi 300. Gramu chache tu zina kuta za ndani zenye eneo la uwanja wa mpira.

Muundo wa fuwele kama hizo vijana wa leo wanausoma kwa mashine ya eksirei kwa saa chache. Rika letu lilikuta filamu za eksirei, madoa yake yakikadiriwa ukali kwa macho, na hesabu za miezi. Nawafurahia kwa hilo. Lakini fuwele yenyewe bado haiharakishwi: viungo vikikutana ghafla hupati ila unga, na kwa unga huo kuusoma muundo ni kazi ngumu mno.

Robson alipata Nobel mwaka 2025, pamoja na Kitagawa na Yaghi, akiwa na miaka 88. Nikiwafikiria wahadhiri wetu vijana, sioni kwamba viungo vya kutengenezea fuwele hizi ndivyo vinavyowakwamisha. Chumvi ya zinki si ghali, na asidi ile ya tereftaliki ndiyo inayotengenezea chupa za plastiki za maji. Wanahitaji mashine ya eksirei iliyo karibu, na wakubwa watakaowaacha wakae na swali moja miaka kumi bila kuwadai faida kila Juni.