Siku Mbili Mpepai: Kahawa Mbichi na Chuo cha Binti Yetu

Machi ni mwezi wa tope huku kwetu Ruvuma. Kutoka Songea hadi Mbinga mjini, kama kilomita 100, barabara ni ya lami na basi halisumbui. Safari yenyewe inaanza ukishaiacha Mbinga kwenda Mpepai. Nilipanda pikipiki, begi la vifaa mgongoni na kitenge kimefungwa barabara, na mara mbili kijana aliniomba nishuke nitembee ili apite kwenye utelezi.

Kata ya Mpepai imo katika Halmashauri ya Mji wa Mbinga, lakini ukifika kwa kaka yangu huoni mji. Unaona migomba, mahindi marefu na mibuni yenye punje za kijani. Nilikuwa nimetumwa na akina mama wa kanisa letu kufundisha usafi wa kitovu cha mtoto mchanga na dalili za hatari kwa mjamzito. Kazi hiyo niliimaliza Jumamosi mchana. Jioni nikaenda kulala kwa kaka, na huko nikakuta kazi nyingine ambayo sikuiandalia somo.

"Shikamoo shangazi," alinipokea binti yake wa kwanza, aliyekuwa likizo ya muhula. Yuko mwaka wa kwanza wa shahada ya usimamizi wa biashara katika chuo kimoja cha mkoa mwingine. Wifi alipakua ugali na usipa wa Ziwa Nyasa. Tulipokwisha kunawa, kaka akasema, "Dada, huyu anataka kuhama chuo. Anasema atasomea benki ya uwekezaji. Chuo kimoja cha Dar es Salaam kimempigia simu. Kitampokea moja kwa moja mwaka wa pili, ila tulipe kabla ya mwisho wa mwezi. Nimepata mtu wa kunipa fedha, nitamlipa kwa kahawa."

Moyo wangu ulishtuka. Sisi wa Mbinga tunaijua biashara hiyo, tunaiita magoma. Mkulima hupokea fedha wakati kahawa ingali mbichi mtini, na mavuno yakifika humpa mkopeshaji kahawa kwa bei iliyo chini sana ya ile ambayo angeipata sokoni. Serikali imeikemea mara nyingi, lakini njaa na ada haviogopi makemeo. Kaka alikuwa na wadogo watatu wa binti huyu wanaotegemea kahawa hiyo hiyo.

Nilimwuliza kwanza binti mwenyewe: benki ya uwekezaji ni kitu gani? Alijibu vizuri kuliko nilivyotazamia. Benki ya kawaida, alisema, hupokea akiba na kukopesha. Watu wa uwekezaji humsaidia mwenye mradi mkubwa kukusanya fedha kwa watu wengi, kwa kuuza hisa au hatifungani. Hupima thamani ya kampuni, na hushauri kampuni zinaponunuana au kuungana. Akatoa mfano wa Jasiri, hatifungani ya benki ya NMB ya mwaka 2022 kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake: iliombwa shilingi bilioni 25, zikapatikana zaidi ya bilioni 74. Akataja na Mamlaka ya Maji Tanga, ambayo mwaka 2024 ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa njia hiyo ili kupanua huduma ya maji. Mimi niliyehudumia watoto wengi wa kuharisha kwa ajili ya maji machafu, hapo nilielewa.

Kaka hakulainika. "Benki hapa tumeziona," alisema. "Ile ya wananchi wa Mbinga iko wapi?" Ni kweli. Mei 2017 Benki Kuu iliifutia leseni Mbinga Community Bank kwa upungufu wa mtaji, na Januari 2018 ikafunga benki nyingine tano ndogo nchini. Binti akajibu kwa sauti ya chini, "Ndiyo sababu, baba. Nataka nijue mtaji hupimwaje."

Usiku ule sikulala upesi. Nilikumbuka yangu. Nilipotaka kujiendeleza kutoka cheti hadi stashahada ya uuguzi, niliambiwa kwa mdomo katika chuo fulani kwamba mwaka niliokwisha soma mahali pengine utahesabiwa. Nililipa. Nilipofika nikaambiwa masomo hayalingani, nikarudia mwaka mzima. Sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Hospitalini hatumpi mgonjwa dawa kwa kusikia tu. Tunasoma cheti chake. Kwa nini ada itolewe kwa kusikia?

Jumapili baada ya ibada tuliketi barazani na daftari, watu wanne na chupa ya chai. Hatukuanza na jina la chuo. Tulianza na kile alichokwisha soma, tukaandika masomo yake yote na krediti za kila moja. Kisha tukaweka maswali ya kupeleka kwa kila chuo, na yajibiwe kwa maandishi.

Swali la kwanza: je, programu yenyewe imesajiliwa? Vyuo vikuu, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzumbe, viko chini ya TCU. Vyuo kama IFM, kilichoanzishwa mwaka 1972, Chuo cha Uhasibu Arusha na TIA viko chini ya NACTVET. Chuo kinaweza kuwa halali na programu fulani isiwe imepata kibali.

La pili: ni masomo yapi yatahesabiwa, na yapi atarudia? Anayehama kutoka upande wa TCU kwenda wa NACTVET asidhani krediti zitahama zenyewe. Chuo kipya hulinganisha muhtasari wa kila somo. Basi asiondoke chuo cha kwanza bila matokeo rasmi na mihtasari hiyo.

La tatu: je, sifa zake za kidato cha nne na cha sita zinaingia katika programu mpya? Fedha ni hesabu, na programu nyingine hutaka ufaulu wa Hisabati. Ufaulu wa mwaka wa kwanza peke yake haufuti sharti la kuingilia.

La nne: mkopo wa Bodi utakuwaje? Anayehama lazima afuate taratibu za Bodi na za vyuo vyote viwili, ndani ya muda uliopangwa. Akichelewa, anaweza kukaa muhula mzima bila fedha.

La tano ndilo lililotuchukua muda: chuo hiki kinafungua mlango gani? Hapa nilimwambia ukweli. Kazi hizi kwetu bado si nyingi. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilitokana na sheria ya mwaka 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998. Kenya hutoa leseni mahususi kwa benki za uwekezaji. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa zaidi na kampuni za udalali wa hisa, washauri na idara za benki kubwa, nyingi zikiwa Dar es Salaam. Kwa hiyo ni heri shahada pana ya fedha au uhasibu, ambayo itamlisha hata mlango huo ukichelewa kufunguka. Baadaye ataongeza mitihani ya kitaaluma, kama CPA ya NBAA au CFA. Aulize pia chuo huwapeleka wapi wanafunzi wake kwa mafunzo ya vitendo.

Kaka aliuliza, "Na Songea je?" Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi huko, na mimi nina chumba. Tukaandika kuuliza ni programu zipi zinafundishwa Songea. Dar es Salaam ina soko la hisa karibu, lakini ina kodi ya chumba na nauli za kila siku. Hayo nayo ni ada, ingawa hayaandikwi kwenye fomu.

Mwisho binti alikipigia simu chuo kile kilichokuwa na haraka, akaomba barua inayotaja masomo yatakayohesabiwa. Akaambiwa barua hutolewa baada ya malipo. Kaka alisikia mwenyewe. Hakusema neno, alisimama akaenda shambani.

Ndugu zangu akina mama, sikuandika haya kuwakatisha tamaa wenye mabinti wanaotaka kuhama. Kuhama si aibu, na mtoto wa Mpepai ana haki ya kuijua kazi ya mitaji kama mtoto wa Nairobi. Lakini ahadi isiyoandikwa isitutoe mavuno ya mwaka mzima.

Jumatatu asubuhi nilipofunga mzigo, binti alikuwa ameandika barua tatu kwa vyuo vitatu. Atamaliza mwaka wake kwanza, huku akingoja majibu. Kaka alinisindikiza hadi kwenye pikipiki, akapita kwenye mibuni na kugusa tawi moja. "Mwambie yule bwana," alimwambia wifi, "kahawa hii nitaiuza ikiwa nyekundu."