Uuguzi na Jina la Daftarini

Watu wa Suguti humwita nesi kila mtu avaaye nguo nyeupe zahanatini, awe amesoma mwaka mmoja au minne. Hata yule afagiaye sakafu huitwa hivyo akipita na boksi la dawa mkononi. Siwalaumu. Mgonjwa hutafuta mkono wa kumsaidia, wala hana nguvu za kuuliza mkono huo una cheti gani. Walakini Baraza la Uuguzi na Ukunga huuliza, na mimi, niliyeitwa nesi miaka sita kabla ya kurudi darasani, naliona swali lake kuwa la haki.

Mafunzo yetu hupandwa kwa ngazi: ya 4, ya 5 na ya 6, kila moja na mwaka wake. Aishiaye ya 5 hutoka na cheti. Afikaye ya 6 hupata stashahada, na akiisha kufaulu mtihani wa Baraza husajiliwa, akaajiriwa kwa cheo cha Afisa Muuguzi Msaidizi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 hupambanua muuguzi aliyesajiliwa na yule aliyeandikishwa kwa cheti tu. Lakini mwenye stashahada na mwenye shahada ya chuo kikuu wote wawili ni wasajiliwa. Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 1952, Mildred Montag alianzisha majaribio ya kuwafundisha wauguzi kwa miaka miwili katika vyuo vidogo vya wenyeji, na wahitimu wake wakaruhusiwa kufanya mtihani uleule wa usajili. Wapo waliobeza. Kubeza ni rahisi kwa mtu ambaye karo haijapata kumkalia kooni.

Mimi niliishia kwenye cheti kwa sababu fedha zilikwisha. Baba alivua dagaa, na mvuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, chungu hupoa. Aliyenirudisha chuoni ni mjomba, ndugu wa mama yangu. Sisi Wakwaya zamani tulihesabu ukoo kwa upande wa mama, na hata leo neno la mjomba halipimwi kwa kidole. Aliuza ng'ombe wawili. Akanipa fedha mbele ya wazee, ili nisije nikasahau.

Katika mkoa wetu uuguzi si kazi ngeni. Wamenoni walianza kazi yao Shirati mwaka 1934, na hospitali yao imewatibu watu wa mwambao ule kwa vizazi kadhaa. Kwa hiyo sikwenda chuoni kujifunza kufunga vidonda wala kuchoma sindano, hayo niliyajua. Nilichokwenda kujifunza sikukijua jina lake mpaka nilipokuwa nimekwisha kukipata. Nitatoa mfano wa neno moja.

Kwetu homa ni ugonjwa. Mtu husema, "Nina homa," na maana yake ni malaria, na dawa yake ni sindano, kwa kuwa kidonge huhesabiwa kuwa dawa ya watoto. Miaka sita nililisikia neno hilo kila siku, nikapima, nikaandika, nikatoa dawa kwa maagizo ya mganga. Darasani, kwa Kiingereza kilichonitoa jasho, homa iliacha kuwa ugonjwa ikawa habari tu: mwili unasema kuna vita, hausemi adui ni nani. Adui aweza kuwa malaria, aweza kuwa figo, mapafu, au kidonda cha mzazi. Muuguzi hutakiwa kuhesabu mapigo ya moyo, kuhesabu pumzi, kutazama rangi ya midomo, kisha afikiri. Kufikiri ndiko kulikoongezwa katika mshahara wangu, ingawa nyongeza yenyewe ni ndogo.

Mjomba alikuja usiku, mwaka wa kwanza wa kurudi kwangu kazini. Alikuwa akitetemeka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nina homa. Nichome sindano nirudi nikalale."

Nilifungua zahanati, nikampima kwa kipimo cha haraka. Hakuna malaria. Nikakaa kimya dakika nzima nikihesabu pumzi zake. Zilikuwa 34, na mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Alikohoa akashika ubavu. Nilimwambia kwamba sindano aitakayo si dawa yake, na kwamba mapafu yake yanahitaji hospitali usiku uleule.

"Niliuza ng'ombe wawili," akasema, "leo waninyima sindano moja?"

Msomaji asiyekulia kijijini huenda asiuone uzito wa maneno hayo. Kumkatalia mjomba ni kuukatalia ukoo wa mama mzima, na mama yangu angali hai, huteka maji kisima kimoja na wake za kaka yake. Zamani ningalisema, "Mganga hayupo, mjomba, njoo kesho," nikajificha nyuma ya mgongo wa mwingine. Usiku ule jina daftarini lilikuwa langu, na kama lingetokea la kutokea, Baraza lingeniita mimi. Nilimpa dozi ya kwanza ya kiuavijasumu baada ya kushauriana na mganga kwa simu, nikaandika barua ya rufaa, nikatia sahihi na namba yangu ya usajili, nikamwita kijana mwenye pikipiki ampakie katikati, binamu yangu akimshika kwa nyuma, wakashika barabara ya Musoma.

Alilazwa siku nane kwa homa ya mapafu. Sasa ni mzima, anapalilia muhogo wake. Habari zake huwasimulia watu kwa furaha: kwamba mjini walimchoma sindano nyingi asizoweza kuzihesabu, na kwamba mpwa wake mwenyewe, aliyesomeshwa kwa ng'ombe wawili, alimnyima hata moja.